Tausi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Machi

Mvua imeanza leo kwa kishindo. Mke wangu aliondoka juzi kwenda kwenye mafunzo ya uuguzi, mji wa mbali, na hatarudi mpaka mvua ziishe. Kaniachia daftari hili pamoja na amri: kwenye simu huwa nasema "salama" tu, basi niandike, akirudi asome. Haya, nimeandika. Salama.

Jumatano, 11 Machi

Nimevalisha makochi mawili kitambaa kipya. Salama.

Jumamosi, 14 Machi

Leo si salama. Mama mkwe amehamia.

Upepo wa juzi umeezua nusu ya paa lake, na fundi wake anasema hapandi juu mpaka mvua zikate. Mke wangu alinipigia simu kuniuliza kama mama anaweza kuja kukaa kwetu. Nilisema karibu sana, na nilimaanisha, ila kwa hofu. Katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kukaa chumba kimoja na mama huyu bila mke wangu kuwa katikati. Tunaheshimiana kupita kiasi. Nikimwamkia hutazama viatu vyangu, nami hutazama vyake. Polisi wakiniuliza mama mkwe wangu anafananaje, nitaanza na kandambili.

Alishuka kwenye teksi na sanduku moja, na tenga kubwa lililofunikwa shuka. Nikalipokea nikidhani ni vyombo. Tenga likapiga chafya.

"Samahani, baba," akaviambia viatu vyangu. "Sikuwa na pa kumwacha."

Ndani alikuwa Mkuu. Tausi huyu namjua kwa sifa. Mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni tangu ujana wake, na uwanja wa shule ile ulikuwa na tausi. Wanafunzi walimpa huyu dume jina la Mkuu, kwa sababu anatembea kama mwalimu mkuu aliyefunga mikono nyuma akitafuta wachelewaji. Mama alipostaafu aliulizwa anataka zawadi gani. Watu walitarajia aseme kabati. Mimi nilikwisha kujitolea kumtengenezea kochi la watu watatu, tena la mbao ngumu. Akasema anataka tausi. Mke wangu aliona aibu mwezi mzima. Mimi, niseme ukweli, kochi lile bado limenikaa kooni.

Leo Mkuu hatembei. Macho yote mawili yamevimba hadi yakazibika, pua zinatoa kamasi, na mkia wake mrefu umefungwa kitambaa usije ukakatika njiani. Nimemweka kwenye stoo ya sponji, ndipo pakavu kuliko kwingine kote.

Jumapili, 15 Machi

Mama ameomba radhi kwa kutumia maji, kwa kutumia chumvi, na kwa kukohoa. Anakaa ukingoni mwa kochi kabisa, utadhani anasubiri kuitwa jina lake dirishani. Nimegongelea makochi maisha yangu yote ili watu waegemee. Ananiumiza bila kujua.

Jumatatu, 16 Machi

Daktari wa mifugo amekuja. Ni dada mdogo mwenye mabuti makubwa na sauti ya upole. Amesema ni mafua makali, yale yanayowapata kuku, na usaha umejaa chini ya macho. Upande wa kulia ulikuwa mbaya zaidi. Alichana kidogo chini ya jicho, akatoa usaha mgumu wenye ukubwa wa punje ya mahindi. Mimi nilimbana mwili, mama alishika kichwa.

Daktari hakutuficha. Jicho la kulia limekwisha, halitaona tena. La kushoto huenda likapona. Lakini tausi asiyeona hali chakula, na asipoanza kula mwenyewe kabla ya mwezi huu kwisha, itabidi tumpumzishe milele, maana kumlisha kwa nguvu siku zote ni kumtesa. Kwa sasa apewe dawa ya maji asubuhi na jioni, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Apakwe mafuta ya jicho, alishwe kiini cha yai, asipigwe na unyevu. Mama aliitikia kila neno. Daktari alipoondoka, aliuliza sufuria ya kuchemshia mayai iko wapi, kisha akaomba radhi kwa kuuliza.

Kuna jambo moja nataka kuliandika. Nimeshika velveti ya kila bei, lakini shingo ya ndege huyu sijaona mfano wake. Ukisema ni ya bluu, inageuka na kuwa kijani. Ukisema kijani, imekwisha kuwa zambarau. Na chini ya fahari yote hiyo kuna moyo mdogo unaodunda haraka kwa woga. Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia, nikashindwa.

Jumatano, 18 Machi

Kumlisha kunahitaji watu wawili. Mmoja anamfunga shuka na kumbana kwapani. Mwingine anafungua mdomo na kupitisha bomba kando ya ulimi, mbali na tundu la pumzi, kwa sababu maji yakiingia humo ndege amekwisha. Mama ana mkono usiotetemeka. Alikuwa akiwapakulia watoto mia nne bila kumwaga, na inaonekana.

Tatizo ni mazungumzo. Mama haoni vyema kuniamuru, nami sioni vyema kumwamuru. Basi tunapitia kwa mgonjwa.

"Mkuu," anasema, "mwambie baba ainue kiwiko kidogo."

"Mkuu," najibu, "mwambie mama kiwiko kimeinuka."

Mkuu hajafikisha ujumbe hata mmoja, lakini kazi inakwenda.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua kutwa. Mteja wa kiti cha ofisi hakuja. Salama.

Jumapili, 22 Machi

Mkuu hawezi kusimama kwa muda mrefu, na akilalia kifua anapumua kwa shida. Leo nimechukua fremu ya kochi la mtu mmoja, nikaisuka ile mikanda tunayoweka chini ya viti, nikaacha nafasi mbili za kupitisha miguu. Mkuu anakaa humo wima, mabawa yametulia, kichwa nje, vidole vinagusa sakafu. Sasa hata mtu mmoja anaweza kumlisha.

Mama alikizunguka kile kifaa, akavuta kila mkanda. Kisha akamwambia Mkuu kwamba baba ana akili ya mikono. Nilijifanya natafuta misumari.

Jumanne, 24 Machi

Nimeamua kumpunguzia mama kazi. Naamka kabla yake na kumaliza dawa ya asubuhi. Ya jioni namalizia wakati anaoga. Sitamwambia, nisije nikaonekana najidai.

Alhamisi, 26 Machi

Kochi la kona, gumu kama madeni. Mkuu amelala sana leo.

Jumamosi, 28 Machi

Dawa imekwisha, na daktari alisema chupa ingetufikisha Aprili. Nadhani alikosea kipimo. Nimenunua nyingine kimyakimya, mama asipate wasiwasi. Mkuu mwenyewe haendi mbele wala nyuma. Anaharisha maji, na kiini cha yai anakitema.

Jumatatu, 30 Machi

Leo nitaandika mengi, kwa sababu mikono imekataa kushika nyundo.

Asubuhi nilimkuta Mkuu ananing'inia kwenye mikanda, shingo imeanguka, miguu inatetemeka. Nikamwita mama, kwa mara ya kwanza bila kupitia kwa mtu. Alikuja mbio, kitambaa cha kichwa kikiwa mkononi. Alimtoa kwenye mikanda, akamlaza mapajani, akawa anamwita polepole, jinsi mtu anavyomwamsha mtoto asichelewe shule. Mimi nikampigia daktari. Mvua ilikuwa kubwa hata ikabidi tupigiane kelele.

Alifika mabuti yamejaa maji. Akamsikiliza Mkuu kifua, akatazama kinyesi, akaomba aione dawa. Nikamletea chupa. Akaiinua kwenye mwanga.

"Hii ni mpya," akasema. "Ya kwanza iko wapi?"

Kabla sijajibu, mama alitoa chupa nyingine mfukoni mwa gauni. Nayo mpya.

Daktari alizitazama chupa, akatutazama sisi. "Nani anampa dawa?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema mama, wakati uleule.

Yakatoka yote. Mimi nilikuwa natoa dawa alfajiri ili nisimsumbue mama. Mama alikuwa akisikia nyundo yangu imeanza, anaingia stoo na kutoa, ili asimsumbue mtu mwenye kazi. Jioni hivyohivyo. Chupa ilipoisha, kila mmoja akaenda kununua yake na kuificha mwenzake asije akaona gharama. Kwa adabu zetu, ndege wa watu amenyweshwa dozi ya tausi wawili kwa wiki nzima. Na mikanda yangu, niliyoivimbia kichwa, ndiyo iliyomwezesha kila mmoja kufanya kosa lake peke yake.

Daktari angeweza kutusema, na tungestahili. Hakutusema. Alikaa sakafuni pamoja na mama akamwonyesha jinsi ya kumpa maji ya glukosi tone kwa tone, akakataza dawa yoyote mpaka Ijumaa. Figo zikivumilia, atapona. Zisipovumilia, tutajua ndani ya siku mbili. Mlangoni akasema, "Nyumba ina watu wawili na mgonjwa mmoja. Kabla hamjampa kitu, ulizaneni."

Nilirudi stoo kuomba radhi. Mama alikuwa analia bila sauti, machozi yanamdondokea Mkuu mgongoni. Nikakaa chini. Sikujua nitazame wapi, maana alikuwa pekupeku.

"Unajua kwa nini nilikataa kochi lako?" akaniuliza.

Nikasema sijui.

"Maisha yangu yote napewa vitu vya kazi. Siku ya harusi nilipewa sufuria. Nikijifungua, beseni. Nimepika miaka na miaka, siku ya kuagwa wakataka kunipa kabati niwe nalifuta vumbi. Kochi lako lingekuwa zuri, najua. Lakini nilitaka mara moja tu kitu kisicho na kazi yoyote, kipendeze basi. Asubuhi nifungue mlango, nikione, nifurahi." Akamfuta Mkuu mgongo. "Sasa nimemuua kwa mikono yangu."

"Kwa mikono yetu," nikasema. "Na bado hajafa."

Nilimletea mto, akaupokea bila kuomba radhi. Tumepokezana matone mpaka jioni.

Mke wangu, ukisoma hapa usicheke. Miaka yote nilimheshimu mama yako kwa sababu ni mama yako. Leo nimemheshimu kwa sababu yake mwenyewe. Kusimama mbele ya watu waliokwisha kukupimia kabati, ukaomba uzuri mtupu! Mimi nisingethubutu. Ningesema ahsanteni kwa kabati.

Jumanne, 31 Machi

Yuko hai.

Jumatano, 1 Aprili

Yuko hai, na amekunywa bila kubanwa. Tumeweka sheria: atakayempa kitu atangaze, nyumba nzima isikie. "Nimempa maji!" "Nimesikia!" Mteja aliyefuata stuli yake aliuliza kama siku hizi tunauza maji pia.

Jumapili, 5 Aprili

Mwezi tuliopewa ulikwisha na Mkuu alikuwa bado hali mwenyewe. Daktari alituongezea wiki moja, kwa kuwa siku nyingine tulimwibia sisi. Wiki hiyo inaisha Jumanne.

Leo mchana alikuwa anakoroga uji wa jioni, akagonga upawa kwenye ukingo wa sufuria kudondosha uliogandia. Stoo kukasikika mkwaruzo. Tukaenda wote wawili. Mkuu alikuwa ameinua shingo, anageuzageuza kichwa.

Mama alinitazama usoni, kisha akakimbilia sufuria. Akaigonga kwa upawa, mapigo matatu ya haraka na moja la kukawia. Ndivyo alivyokuwa akiwaita wanafunzi kupanga foleni, na tausi wa pale walikuwa wanawahi kabla ya wanafunzi, kwa ajili ya makombo. Mkuu akainama akadonoa sakafu. Hapakuwa na kitu. Mama akasukuma bakuli mpaka chini ya mdomo wake, akaligonga bakuli lenyewe, tatu na moja. Mkuu akadonoa tena, akapata.

Amekula yai zima na konzi ya pumba. Haoni hata mwanga, lakini kengele ya chakula anaijua. Mama alikuwa anagonga huku akisema, "Pangeni mstari, msisukumane." Nilitoka nje nikajifanya naangalia mfereji, maana machozi yalikuwa karibu.

Jumatano, 8 Aprili

Sufuria inagongwa asubuhi, mchana na jioni. Daktari amekubali kwa simu kwamba habari ya kumpumzisha imekwisha. Jirani yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuja mchana na sahani yake akasimama mlangoni kwa utani. Mama alimpakulia kweli. Nadhani kesho atarudi.

Jumapili, 12 Aprili

Jicho la kushoto limefunguka.

Uvimbe ulikuwa unapungua kidogokidogo tangu Alhamisi. Leo mama alipolisafisha kwa maji ya vuguvugu, ukope ukaachana. Lilitokea jicho la kahawia, safi, lenye hasira. Lilinitazama mimi, likatazama mikanda, halafu likamwona mama. Kishungi chake kikasimama wima. Akatoka kwenye mikanda kwa miguu yake, akavuka stoo yote akiyumba, akaenda kusimama mbele ya gauni lake.

Mama akatangaza kwa sauti, kwa mujibu wa sheria, "Ameniona!"

"Nimesikia," nikasema.

Ijumaa, 17 Aprili

Mama ameegemea kochi. Ameegemea hasa, mgongo wote, akasinzia mdomo wazi. Sikugonga msumari hata mmoja mpaka alipoamka.

Jumamosi, 25 Aprili

Mkuu amelia kwa mara ya kwanza tangu aje. Niseme ukweli, sauti ile ni ya paka aliyebanwa na mlango. Jirani aliacha chuma chake akaja kuuliza kama kuna msiba. Mama aliisikiliza huku amefumba macho, akatikisa kichwa kwa raha.

Siku hizi ananituma dukani bila kuzunguka, na ananiambia kahawa yangu ni maji machafu. Nami namwambia apunguze chumvi.

Jumatano, 6 Mei

Mvua zimepungua. Manyoya marefu ya mkia yamepukutika yote. Daktari anasema ni kawaida ya kila mwaka, yataota upya. Nilidhani bila mkia atakuwa kuku tu. Wala. Anatembea uani kifua mbele, na shingo ile bado inanisimamisha kazi.

Fundi wa paa amepiga simu, kazi imekwisha. Mama anaondoka Jumatatu. Sikuipenda habari hiyo, na nilimwambia.

Jumapili, 10 Mei

Mwandiko wa leo unisamehe.

Mchana mama alikuwa anapanga sanduku, mimi nasafisha tenga. Mkuu alikuwa uani. Kulikuwa na manyunyu na radi za mbali. Akajikung'uta, akakunja magoti, akaruka. Hatukuwahi kumwona akiruka tangu aje. Alipanda hewani bila shida yoyote, akatua kwenye paa la karakana ya jirani, juu kabisa ya bati.

Mwanzoni tulishangilia. Kisha tukaona nyaya za umeme. Zinapita kandokando ya paa lile kwa upande wa uani kwetu, karibu sana, kulia kwa Mkuu, upande wa jicho lililokufa. Mama akachukua sufuria, akagonga tatu na moja. Mkuu akasikia. Akatafuta sauti inatoka wapi, akasogea kulia, kwenye nyaya. Mama akagonga tena, akasogea tena. Mama akaona anachokifanya, upawa ukamwanguka. Akashika kichwa kwa mikono miwili, midomo inamcheza, hakuna sauti inayotoka.

Sikufikiri. Nilichukua ngazi ya jirani nikapanda. Bati lilikuwa linateleza mno. Nikatambaa kwa magoti na viganja, nimfikie kutoka upande wa nyaya nimrudishe kushoto. Nilikuwa nimebakiza kama urefu wa kochi hivi. Mguu ukateleza, nikaserereka kwa tumbo mpaka ukingoni. Kiatu kikaanguka chini. Niling'ang'ania kipande cha mbao, miguu ikielea, nyaya ziko karibu na bega. Mkuu alikuwa ananitazama kwa jicho lake moja. Nikaanza kujivuta tena kumwelekea.

Hapo mama akapata sauti.

"Shuka!" Nadhani mtaa mzima ulisikia. "Shuka wewe, mjinga mkubwa! Mwache afe! Mwache! Nikuzike wewe kwa ajili ya manyoya? Shuka nimesema!"

Sijawahi kuitwa hivyo na mama huyu, wala sikudhani ipo siku angeniita. Nikashuka. Jirani alishika ngazi, na mguu wangu ulipogusa ardhi mama alinidaka mkono kwa nguvu, akanivuta kupita geti, akaendelea kunisema bila kupumua: mtu mzima hovyo, hana akili hata ya kuazima, mke wake angerudi amkute nini. Alikuwa analia na kutukana kwa pamoja. Nilikuwa naitikia tu, ndiyo mama, ndiyo mama.

Tulipoingia uani, Mkuu alikuwa amekwisha kuruka mwenyewe na kushuka salama. Alikuwa anadonoa pumba chini ya meza yangu ya kazi, shingo inang'aa kwa maji ya mvua. Mama alimpita bila kumtazama. Alinikalisha, akakunja mkono wa shati langu, akawa anaukagua mkono wangu juu mpaka chini, akitafuta palipochubuka.